Dola Moja ya Kuonja

Siku soksi ya mguu wa Bujiku ilipokuwa inanunuliwa, nyumbani kwake Mwakitolyo palikuwa na watu tisa, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Wengine walikuja kula. Mkewe Bernadina, ambaye dunia nzima inamwita Mama Limi, anapika wali na ugali kwenye banda lililo mbele ya nyumba yao, na ikifika saa sita mchana banda lile halina pa kuweka hata kiwiko. Wengine walikuja kwa sababu walisikia. Ukiwa Mwakitolyo ukataka kununua kitu India kwa simu, usitegemee kukinunua peke yako.

Soksi yenyewe si ya kuvalia kiatu. Ni mfuko mzito wa mpira laini unaovishwa kwenye kigutu, halafu ndipo mguu wa bandia unaingia juu yake. Bujiku aliacha mguu wake wa kushoto, kuanzia chini ya goti, kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, chini ya kifusi. Mguu wa bandia aliopewa Mwanza aliuzoea mpaka watoto wakasahau kumchungulia. Mwezi uliopita soksi ikachanika, plastiki ikaanza kusaga nyama, vidonda vikatoka, na mguu ukaegemezwa nyuma ya mlango kama jembe wakati wa kiangazi.

Fundi wa viungo kule Mwanza aliwaeleza kwamba saizi ya Bujiku haipatikani nchini. Akawaandikia kwenye karatasi jina la duka la India. Dola mia tatu na kumi. Wakilipa leo, siku kumi na mbili mzigo uko Mwanza. Na leo ilikuwa tarehe kumi na sita.

Haraka hiyo ilitoka kwa Marwa, mwenye karasha la kusagia mawe. Marwa alikuwa anatafuta mtu wa mizani, wa kupima viroba vya mawe ya wachimbaji kabla havijaingia kwenye mashine, na alimwahidi Bujiku kazi hiyo. Alimwahidi palepale bandani, mbele ya watu, huku anachokonoa meno.

"Tarehe moja nikukute umesimama," alisema. "Mtu wa mizani hakai. Akikaa, wachimbaji wanasema anaficha kitu."

Basi dume la ng'ombe la mama yake Bujiku, kule Kishapu, likauzwa. Hela ikaingia benki, kwenye akaunti ya Bernadina, kwa sababu yeye ndiye mwenye kadi. Kadi hiyo alipewa mwaka jana na hajawahi kuitumia mahali pengine zaidi ya mashine ya kutolea hela pale Shinyanga mjini. Aliitunza ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya pochi, ndani ya sanduku.

"Haya, nisomee namba," alisema Nelly. Huyu ni mdogo wake Bernadina, anauza vocha na kutengeneza simu pale senta, na kwenye ukoo mzima ndiye pekee anayejua mambo ya mtandao.

"Nne, tano, tisa..." Bernadina akaanza kusoma kwa sauti, na watu wote bandani wakanyamaza kama wanasikiliza matokeo ya mtihani.

"Dada, punguza sauti! Hiyo namba ni siri."

"Siri gani, hawa si majirani?"

Ndipo Agnetha alipoinua mkono. Agnetha ni Mama Ritha, nyumba ya pili, mwanamke ambaye habari haifiki Mwakitolyo kabla haijapita kwake kubisha hodi. "Ngoja kwanza. Mnataka kutoa laki nane na ushee kwa mkupuo mmoja? Kwa mtu hamjawahi hata kumsalimia?"

"Ni duka, da Agnetha," alisema Nelly.

"Duka gani halina mlango?"

Watu wakacheka. Mchimbaji mmoja aliyeitwa Enock akaweka kijiko chini. "Mama Ritha kasema kweli. Mimi hata kiroba cha mawe sinunui bila kuonja. Nachukua kiganja kimoja, natwanga, naosha kwenye karai. Nikiona rangi ya dhahabu, ndiyo natoa hela."

Watu wakakubali. Pale kila kitu kinaonjwa. Asiyeonja ndiye anayerudi kwao kwa miguu. Hata Bujiku, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na gongo lake la kutembelea, akaitikia kwa kichwa.

"Onja, ng'wanawane, mwanangu," akamwambia Nelly. "Tafuta kitu kidogo hapo dukani. Kikipita, nunua na soksi."

Nelly akatafuta. Akapata kitambaa cha kufutia mguu, dola moja. Akabonyeza. Simu ikafikiri, ikaleta alama ya kijani, na banda zima likapiga makofi.

"Rangi hiyo!" alipiga kelele Enock. "Mzigo una dhahabu!"

Sasa soksi. Mtandao ukaanza kuzunguka. Nelly akasubiri, akasonya, akaazima simu ya Enock. Akasomewa namba upya, akakosea tarakimu moja, ikagoma. Akaazima ya Agnetha. Ikagoma. Akarudi kwenye simu yake mwenyewe na safari hii akawasha ile programu wanayoitumia vijana kufungulia mitandao iliyofungwa, ile inayoficha simu mpaka ionekane iko nchi nyingine. Kweli kasi ikaongezeka. Akaandika namba zote polepole, akabonyeza, akainua simu juu watu waone.

"Inasema inashughulikiwa."

"Inashughulikiwa," Bernadina akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakaa chini.

*

Simu ya Bernadina iliita kabla hajamaliza maji aliyopewa. Namba ngeni. Akaweka spika, kama anavyoweka kwa simu zote, kwa sababu mikono yake haikosi unga.

"Habari za mchana. Naongea na Bernadina Magesa?" Sauti ya kike, laini, Kiswahili cha Dar kilichonyooka.

Bernadina alishtuka. Jina lile hulisikia zahanati na kwenye kadi ya kura tu. "Nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka benki yako, kitengo cha usalama wa miamala. Sihitaji namba yako ya siri, mama. Nataka tu kuthibitisha..."

"Weee!" Agnetha aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Kata! Hivyohivyo ndivyo walivyoanza na mimi!"

Na ni kweli. Mwezi wa tatu Agnetha alipigiwa na sauti laini kama ile, ikamwambia laini yake itafungwa, ikamwongoza hatua kwa hatua mpaka laki nne za kikundi cha akiba cha wanawake zikayeyuka. Alilia siku mbili. Tangu hapo amekuwa mwalimu wa Mwakitolyo nzima. Somo lake ni moja: benki haipigi simu; ukipigiwa, kana kila kitu.

"Mama, umefanya malipo ya dola moja kwenye duka la mtandaoni leo?" iliuliza ile sauti. "Na baada ya hapo kujaribu dola mia tatu na kumi?"

Wamejuaje? Dakika tano hazijapita, na tayari wezi wanajua mpaka ile dola moja! Enock akashika kichwa. Nelly akafungua mdomo, lakini Agnetha alikuwa ameshamziba kwa kiganja.

"Kana, mayu!" alinong'ona Agnetha kwa nguvu zote. "Kana, mama!"

"Mimi?" Bernadina akaisogelea simu. "Mimi sijanunua kitu. Mimi sina hata kadi. Mimi ni mpika wali tu."

"Kwa hiyo miamala hii huitambui?"

"Siitambui!"

"Kuna mtu mwingine mwenye kadi yako?"

"Sina kadi mimi, mbona husikii?"

"Mwizi mkubwa wewe!" Agnetha akainama juu ya simu. "Ng'ombe wa watu utamtapika na pembe zake! Sauti nzuri, roho ya fisi! Na aliyekuzaa alaaniwe!"

"Nashukuru kwa ushirikiano wako, mama," ilisema sauti, bila kupanda wala kushuka. "Tunachukua hatua sasa hivi. Siku njema."

Simu ikakatika, na banda likalipuka. Watu walipeana mikono. Mmoja akamnunulia Agnetha soda. Bernadina alicheka huku anajifuta machozi, akasema moyo ulikuwa umefika hapa, akajigusa koo. Hata Bujiku alicheka, na Bujiku tangu mguu usimame nyuma ya mlango hakuwa mtu wa kucheka.

Ujumbe uliingia katikati ya kicheko hicho. Nelly ndiye aliyeusoma, kwanza kimya, kisha kwa sauti, na kadiri alivyosoma sauti ilizidi kupungua.

"Ndugu mteja. Kadi yako imefungwa kutokana na wizi ulioripoti. Muamala wa dola mia tatu na kumi umezuiwa. Akaunti yako imewekwa chini ya uangalizi. Tafadhali fika tawini na kitambulisho."

Bernadina alimtazama Agnetha, Agnetha akaitazama soda.

"Ule ujumbe umetoka wapi?" aliuliza Bujiku.

"Namba ni ileile inayotujulishaga salio," alisema Nelly. "Shemeji, yule alikuwa benki kweli."

*

Kesho yake walipanda gari la alfajiri kwenda Shinyanga mjini, Bernadina na mumewe. Bujiku alikwenda na gongo na mguu mmoja wa suruali uliokunjwa kwa pini. Mlinzi wa benki alipomwona anapanda ngazi kwa kurukaruka, akateremka haraka kumwahi.

"Mzee, hapa haturuhusu kuomba. Kaa kule nje."

"Ni mteja," alisema Bernadina.

"Nani?"

"Mimi ndiye mteja. Yeye ni mume wangu."

Mlinzi akasogea, bila kuomba radhi, na wakaingia kwenye ubaridi wa kiyoyozi wakiwa tayari wamepungua kidogo.

Waliyempata ni kijana wa tai aliyeitwa Valerian. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita Bernadina mama, akamsogezea Bujiku kiti cha pili, akasikiliza kisa chote mpaka mwisho, na mara mbili alijizuia kucheka. Kisha akatazama kompyuta yake na hamu ya kucheka ikamwishia.

"Mama, hapa pameandikwa wewe mwenyewe ulisema hukununua."

"Nilisema kwa kuogopa wezi."

"Uliogopa wezi, ukatuambia kuna mwizi. Sasa sisi tunamtafuta."

"Nani?"

Valerian alikuna shingo. "Wewe, mama."

Akawaeleza, kwa sauti ya chini. Mtu akiiba kadi, alisema, hanunui kitu kikubwa kwanza. Anaonja. Ananunua kitu cha dola moja, aone kadi ina uhai, na ikipita ndipo anapovuta zote. Wezi wa dunia nzima wanafanya hivyo, na mfumo wa benki umefundishwa kuwatambua kwa hilo. Juu yake, namba imeingizwa kwenye simu tatu tofauti ndani ya robo saa. Mara moja kwa makosa. Na jaribio la mwisho limeonekana linatoka Uholanzi.

"Uholanzi?" alisema Bujiku.

"Kuna mtu alikuwa na programu ya kuficha simu. Mfumo hauoni banda lako, mzee. Unaona mtu aliyekuwa Shinyanga saa sita na dakika kumi, na saa sita na dakika ishirini yuko Ulaya, anavuta dola mia tatu. Kwenye kadi ambayo haijawahi kununua hata pipi mtandaoni."

"Lakini sisi tulionja ili tusiibiwe," alisema Bernadina.

"Naelewa, mama."

"Tulikuwa waangalifu!"

"Naelewa. Ndiyo maana binadamu alikupigia akuulize. Ungesema tu ndiyo ni mimi, ingepita palepale."

Hilo ndilo lililomvunja. Neno moja la herufi tano. Alilirudia kimoyomoyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayejifunza lugha kwa kuchelewa.

"Basi sasa nasema ndiyo. Ni mimi. Fungua."

Valerian akapiga simu makao makuu na kuweka spika, maana alikuwa anaandika huku anasikiliza. Mwanaume wa upande wa pili akasema ukanaji uko kwenye rekodi, na kabla Valerian hajamzuia, akaicheza. Sauti ya Agnetha ikajaa ukumbi. *Ng'ombe wa watu utamtapika na pembe zake!* Foleni nzima iligeuka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliangua kicheko. Mwanaume mmoja wa foleni ya pili, aliyekuwa na buti zenye tope jekundu la Mwakitolyo, hakucheka. Alimtazama Bernadina, akamtazama Bujiku, akarudisha macho mbele, kama mtu anayetunza kitu vizuri asikisahau.

"Zima, zima," alisema Valerian.

"Uchunguzi ni siku ishirini na moja za kazi," ilisema spika. "Mteja atajaza fomu ya kukana ukanaji. Kadi mpya itafuata."

"Na hela yangu nikitaka kuitoa hapa dirishani? Kitambulisho hiki hapa. Sura yangu hii hapa."

"Akaunti iko chini ya uangalizi, mama. Kwa usalama wako."

Bujiku akahesabu kwa vidole juu ya goti lake zima. Siku ishirini na moja za kazi, na tarehe moja ilikuwa wiki mbili tu mbele. Akaacha kuhesabu. "Twende, Mama Limi," akasema. Na Bernadina, ambaye alikuwa amebaki na swali moja mdomoni, akaona hakuna wa kumuuliza. Alitaka kujua wanamlinda dhidi ya nani.

*

Mwenye buti alifika Mwakitolyo kabla yao. Alipanda pikipiki, wao walisubiri gari lijae.

Jioni ile habari ilikuwa kwamba benki imezuia hela ya Mama Limi. Alhamisi ikawa hela yenyewe si yake. Jumamosi, gulioni, ilikuwa kwamba ana kadi ya Mholanzi mmoja wa mgodini, na mumewe hakupoteza mguu kwa kifusi bure, Mungu ana macho. Agnetha alizunguka nyumba kwa nyumba kueleza ukweli wote, kwa kiapo, na kwa kuwa alikuwa Agnetha, kila alipopita watu walijua sasa kuna jambo.

"Mama Limi, leo nilipe kwa kadi?" Enock alimtania, na bandani wakacheka, si kicheko cha siku ile ya makofi. Jumatatu sufuria ya wali ilibaki nusu. Jumanne alipika kilo tano badala ya kumi. Limi alirudi kutoka shule akauliza Uholanzi ni wapi, na mama yake akamwambia nenda kachote maji.

Wanawake wa kikundi walikuja watatu, wamevaa vizuri, wakakaa, wakakataa chai. Walisema hawana neno baya. Walisema wanaomba tu daftari la kikundi, analolitunza yeye, likae kwa mtu mwingine, kwa muda, mpaka benki imalize.

"Imalize nini?" aliuliza Bernadina.

"Hiyo kesi yako, nkoi, rafiki yetu."

"Hakuna kesi! Niliripoti mwenyewe kwamba nimejiibia!"

Wakatazamana. Aliisikia mwenyewe ilivyotoka, lakini ilikuwa imeshatoka.

Tarehe moja Bujiku aliamka kabla ya mkewe, akauchukua mguu nyuma ya mlango, akachana kanga kuukuu vipande vipande na kufunga navyo kigutu juu ya vidonda. Juu yake akavuta ile soksi iliyochanika, na juu ya soksi akazungusha tyubu ya baiskeli, akakaza. Bernadina alimkuta anajaribu kuingiza mguu, jasho linamtiririka kana kwamba anasukuma ukuta.

"Baba Limi, utaharibika."

"Nishike bega."

Akamshika. Mguu ukaingia. Bujiku akafumba macho, kisha akainuka.

Marwa alifika saa tatu, na watu waliokuwa wanakunywa chai bandani wakapunguza kelele. Bujiku alikuwa amesimama kwenye nguzo ya mlango, bila gongo, shati limechomekewa. Alikuwa amesimama hapo tangu saa moja.

"Karibu, Marwa."

"Ahsante, Bujiku. Mama Limi simwoni leo." Hakushuka kwenye pikipiki. Hakuzima hata injini. "Bwana, sina neno na wewe. Nataka ulielewe hilo. Lakini mizani ni kitu cha kuaminiwa. Vijana wamenijia jana kumi na wawili. Wanasema mawe yao hayawezi kupimwa na nyumba yenye kesi ya wizi benki."

"Ile ni hela yetu!" Bernadina alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Ni dume la mama mkwe! Walioliona linauzwa wapo Kishapu! Kuna kijana benki anaitwa Valerian, mpigie, namba ninayo!"

"Mimi nakuamini, mama. Nimekula kwako miaka mingapi?"

"Basi!"

"Basi nini? Mimi nikikuamini halafu wao wakapeleka mawe kwa karasha la jirani, nitasaga imani yangu?"

Mtu mmoja bandani akacheka, akajikohoza.

"Ulisema nisimame," alisema Bujiku. Alisema taratibu sana, kwa meno. "Tazama basi. Nimesimama."

Marwa hakutazama chini. Alimtazama usoni, kwa huruma kabisa, kama mtu anayetazama jirani aliyefiwa. "Mguu sikuwa na wasiwasi nao, ndugu yangu," alisema. "Hata ungekuja na gongo ningekuchukua. Ningekutafutia kiti." Akageuza pikipiki, akaondoka.

Bernadina alivuta benchi, akaliweka nyuma ya mumewe. "Kaa."

Bujiku akatikisa kichwa.

"Kaa, Baba Limi. Ameshaenda."

"Nikikaa sitaweza kuinuka," alimnong'oneza, midomo haichezi. "Na hawa wanatazama."

Alitazama chini basi, yeye Bernadina, kwa kuwa mwingine hakutazama. Suruali ilikuwa imelowa kuanzia gotini, na kiatu kilikuwa kimeacha alama nyekundu kwenye sakafu ya udongo, duara dogo, lisilosogea. Akaweka mwiko juu ya benchi. Akaenda kusimama upande wake wa kushoto, karibu, bega kwa bega, na mkono akaupitisha nyuma ya mgongo wake mahali wateja wasipouona, akashika mkanda wa suruali kwa ngumi.

Harufu ya wali unaoungua ikaanza kutoka jikoni. Hakuna aliyekwenda kuuepua. Walibaki wamesimama pale mlangoni kama wenye nyumba wanaoaga wageni, mpaka kikombe cha mwisho kikawekwa chini.